Ombi la Hundi ya Mfano: Barua ya Wazi kwa Mgeni Rasmi

Kwa Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Popote penye utepe,
Tanzania.

YAH: KUOMBA NAMI NISHEREHEKEWE KWA KUTII SHERIA

Mheshimiwa, tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mmoja wa wananchi waliopangwa juani kukusubiri, siku ulipokuja kukabidhiwa madarasa mawili na matundu ya vyoo kutoka kwa kampuni ya mgodi. Hafla ilifana. Mkasi uliletwa kwenye sinia lililotandikwa kitambaa cheupe. Hundi ya mfano ilishikwa na watu wanne, na upepo ulipovuma nusura uondoke nayo pamoja na diwani. Ulitueleza kuwa kampuni ina moyo wa huruma, nasi tukashukuru mara tatu, ya tatu kwa sababu kamera ya televisheni ilichelewa.

Kosa langu ni kurudi nyumbani na kusoma Sheria ya Madini. Marekebisho ya mwaka 2017 yameweka kifungu cha 105, kinachomtaka mwenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii, akubaliane na halmashauri, azingatie vipaumbele vya wanaouzunguka mgodi, kisha halmashauri iuidhinishe. Nimeutafuta humo huo moyo wa huruma, sikuuona. Utepe nao haumo. Halmashauri imepewa kazi ya kuandaa miongozo, kusimamia utekelezaji na kuelimisha umma. Elimu hiyo tumeipata, imechapwa mgongoni mwa fulana.

Sasa Mheshimiwa, ikiwa kutimiza sheria kunastahili ngoma, naomba tusibaguane. Kila mwezi ninaponunua umeme wa LUKU, kodi ya jengo hukatwa humohumo, na sijawahi kuona hata tarishi akija kunipongeza. Mama lishe wa stendi hulipa ushuru bila MC. Kijana wa bodaboda akivaa helmeti, tafadhali aitiwe kwaya. Hata zile shilingi bilioni 5.6 ambazo mgodi wa North Mara ulitozwa faini na baraza la mazingira, NEMC, mwaka 2019, bwawa la topesumu lilipovuja, zilistahili hundi ya mfano yenye picha ya bwawa lenyewe.

Wenzetu wa India wamejiharibia raha. Sheria yao ya Makampuni ya mwaka 2013 inataka kampuni kubwa zitumie angalau asilimia 2 ya wastani wa faida ya miaka 3 iliyotangulia. Mtu akipiga hesabu, anajua kilichopungua. Kifungu chetu hakitaji asilimia, ndiyo maana pamebaki nafasi ya hotuba.

Na hotuba hizo zina bei yake, Mheshimiwa. Mtu aliyepewa zawadi haulizi imenunuliwa kiasi gani, wala hamwonyeshi mtoaji ufa ulioanza kwenye ukuta mpya. Ni utovu wa adabu. Anayedai chake huomba karatasi. Siku ile hakuna aliyethubutu kuuliza mpango wa mwaka uliidhinishwa kwa shilingi ngapi, kama madarasa mawili ndiyo yote au bado kuna zahanati inakuja, na fedha ambazo halmashauri ingejengea madarasa hayohayo zimekwenda wapi. Mzee mmoja alinyoosha mkono. MC akamwambia maswali hayamo kwenye ratiba, kisha akaomba makofi.

Kwa hiyo, pamoja na ngoma yangu ya LUKU, naomba jambo la pili. Ukialikwa tena, waambie wenyeji wako wabandike mpango ulioidhinishwa kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji wiki mbili kabla hujafika, ukiwa na kiasi cha fedha na jina la kila mradi. Siku ya hafla MC huyohuyo, kwa sauti ileile, ausome mstari kwa mstari: kilichofanyika, ambacho hakijafanyika. Yule mzee apewe kipaza sauti kabla ya chakula, kwa sababu baada ya pilau huwa unawahi kuondoka.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mlipa kodi (kwa njia ya LUKU)

Nakala: MC.