Hotuba Rasmi Kuhusu Bati Lako na Sifa ya Jirani

Waheshimiwa wakulima wa majani chai, wafugaji, akina mama wa soko la Nyansiongo hapa Borabu, na nyinyi mliofuata kivuli tu: tulieni. Anayesimama mbele yenu ni Bingwa wa Mapaa Yasiyo Yake, cheo nilichojitunuku baada ya kukosa mpinzani. Hoja yangu ni moja. Ghorofa halihitaji paneli zake lenyewe ili lisifiwe kwa umeme wa jua, mkataba unatosha. Na kama sifa hukaa kwenye mkataba, basi mabati ya Borabu ni mali ghafi ambayo Nairobi bado haijajua inaihitaji.

Ushahidi ninao. Mfumo wa Kimarekani wa kupima majengo ya kijani, LEED, hugawa alama 110: ukifika 40 unapewa cheti, ukifika 80 unavikwa platinamu. Baadhi ya alama hizo ni za nishati jadidifu, na waliozitunga ni watu wapole sana, hawaulizi risiti ya paneli ina jina la nani. Kampuni yaweza kuja na fedha zake, ikafunga paneli juu ya paa lako, ikazifagia vumbi, ikakuuzia stima kwa uniti miaka nenda miaka rudi, na jengo likapongezwa. Maegesho ya maduka ya Garden City, Nairobi, yaliwekewa paneli za kilowati 858 mwaka 2015 kwa mtindo huo wa mtaji wa mwingine. Toleo la nne la LEED, la mwaka 2013, lilivuka hata uzio: paneli ziliweza kuwa mbali na jengo, mradi zimilikiwe au zikodishwe kwa miaka isiyopungua 10, na ziwe katika eneo la msambazaji yule yule wa umeme. Wasomi wenzangu waliipita sentensi hiyo mbio. Mimi nimeiketia. Huko Marekani wasambazaji ni utitiri. Kwetu Kenya Power ndiyo karibu nchi nzima! Basi ghorofa la vioo la Upper Hill, viyoyozi vikinguruma mchana kutwa, lingeweza kung'aa kwa jasho la bati la Nyansiongo.

Kuna wabishi, nawaona pale nyuma. Mmoja atasema kanuni za mwaka 2024 za kuuza umeme wa ziada humrudishia mwenye mita nusu tu ya uniti alizopeleka gridini, na humrudishia yeye, si ghorofa la mbali. Sawa kabisa. Stima itabaki huku, kitakachopanda basi kwenda Nairobi ni heshima. Mwingine atanikumbusha kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Huyu nampa kiti, kwa kuwa amegusa kidonda. Kila megawati-saa ya umeme jadidifu yaweza kuandikiwa cheti, na cheti hicho huuzwa peke yake, mbali na umeme wenyewe. Mwenye paneli akikiuza kwa kampuni ya Ulaya, ghorofa lililojisifu limebaki na kivuli cha paneli, kitu ambacho hata mwembe hutoa bila mkataba. Sifa moja haivaliwi na wawili.

Ubishi wa tatu ndio unaoniharibia usingizi, kwa hiyo nitaupita haraka. Stima ya Kenya kwa sehemu kubwa tayari ni safi: mvuke wa Olkaria, maji ya Tana, upepo wa Turkana. Paneli ya mchana kwenye gridi hiyo mara nyingi humpokonya kazi msafi mwenzake, na jioni, mitambo ya mafuta inapowashwa, paneli hiyo imelala. Moshi wa milima yetu uko kwingine, kwenye matanuri ya viwanda vya chai yanayokausha majani kwa kuni, na hapo sola haifui dafu. Kuna na mfumo mwingine wa kupima majengo ya kijani, EDGE wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IFC), nao una maswali ya kishamba mno: umepunguza asilimia 20 ya nishati, ya maji, na ya athari ya vifaa vya ujenzi kwa mazingira? Ukubwa wa dirisha! Mfereji wa choo! Nani atahutubia umma juu ya mfereji wa choo?

Tena kuna yule mama aliyechukua sola ya M-KOPA, biashara iliyoanza mwaka 2012, akalipa kidogo kidogo kila siku kwa simu hadi deni likaisha. Paneli ni yake, bati ni lake, koroboi ameizima kweli. Alama zake katika daftari za dunia ni sifuri, maana hakuajiri mshauri. Nishani yake ichongwe Tabaka, kwa jiwe la sabuni, kabla ya nishani ya ghorofa lolote.

Wenye vioo wakija kukodi mabati yenu, waulizeni kwanza cheti cha umeme kitashikwa na nani, na jibu liandikwe. Kisha niiteni. Iwe kabla ya saa tisa alasiri, mvua haijaanza.