Kukalafati Ndege: Vitu Saba vya Kuzibia, Tukihesabu Kushuka

Fundi wa majahazi pale Lamu akitaka kukalafati chombo anajua adui yake ni mmoja, maji. Anachukua pamba, mafuta, patasi butu na nyundo, anapigilia mshono baada ya mshono. Anayejijengea ndege nyumbani ana maadui wengi zaidi: petroli, moto, jua, na moshi wa injini. Hakuna dawa moja ya kuziba inayowaweza wote, kwa hiyo swali la kwanza mbele ya kila tundu ni moja tu: hapa pataguswa na nini?

Na wanaojenga hivi si wachache. Ndege za RV peke yake, za kampuni aliyoanzisha Richard VanGrunsven kule Oregon, Marekani, zilizokwisha kuruka zimepita 10,000, nyingi zikiwa zimeungwa riveti kwa riveti katika karakana za nyumbani. Nimeshika tochi na kukoroga vikombe katika karakana mojawapo, ya rafiki yangu huko Wisconsin. Twende, tukianzia chini.

7. Silikoni ya bafuni

Ile ya kuzibia sinki. Bei yake rahisi, iko kila duka la vifaa vya ujenzi, na ndiyo humjia mtu kichwani kabla ya zote. Mwambie airudishe bafuni. Inapokauka inanuka siki, na kweli ni asidi ya siki inayotoka. Asidi hiyo inakula alumini. Ikikutana na petroli inavimba, inalegea, inaachia. Hata ukiibandua, mabaki yake hayatoki: siku ya kupaka rangi, rangi inapakimbia pale inaacha vidoti kama macho ya samaki. Imefukuzwa kazi, bado inadai mshahara.

6. Utepe mweupe wa fundi bomba

Kwenye bomba la maji ni mgeni wa heshima. Kwenye mafuta ya ndege, hapana. Ukikaza fitingi, kingo za utepe zinakatika vipande vidogo, na kipande kimoja kikifika kwenye kabureta, injini inaanza kukohoa nawe uko juu ya miti. Fitingi zenye hesi nyembamba mbele na nene nyuma zipake dawa nzito ya hesi isiyoyeyuka kwa petroli, kidogo tu, na hesi za mwanzo uziache tupu. Zile za ndege zenye mdomo uliotanuliwa kwa pembe ya digrii 37 hazitaki dawa yoyote, maana metali inakaa juu ya metali. Za magari ni digrii 45. Ukiwaoza hao wawili, ndoa itavuja tu, upake usipake.

5. Dawa ya kumimina na kutikisa

Unaimwaga ndani ya tangi lililokwisha kufungwa, unaligeuza huku na huku, eti inafunika makosa yote. Wajenzi wengi wa zamani waliiamini. Miaka ikipita inabanduka kama ngozi iliyoungua na jua, magamba yanaelea hadi kwenye mdomo wa kunyonyea mafuta. Kuziba imeziba kweli, ila imeziba njia ya mafuta.

4. Epoksi

Hapa wenye alumini wanyamaze kidogo, zamu ni ya wenye nyuzi za kioo. Katika ndege kama Long-EZ ya Burt Rutan, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1979, mafuta yanakaa ndani ya mzizi wa bawa, na epoksi ndiyo ukuta na ndiyo kizibo. Muulize anayekuuzia petroli kama ina ethanoli. Ya magari Marekani mara nyingi inayo hadi asilimia 10, na epoksi nyingine inalainika ikilowa humo. Tumbukiza kipande cha majaribio kwenye chupa ya petroli hiyo hiyo, kikae wiki kadhaa, kisha kikwaruze kwa ukucha. Ukucha wako ni maabara ya bure.

3. Gundi ya kioo cha rubani

Kioo hicho ni akriliki, na akriliki ina moyo mwepesi. Itoboe siku ya baridi, itapasuka. Iguse kwa asetoni, itajaa nyufa ndogo ndogo kama kikombe cha kale. Jua likiwaka inatanuka kuliko fremu ya chuma iliyoibeba, ndiyo maana baadhi ya wajenzi wameacha kuitoboa kabisa, wanaibandika kwa gundi ya poliurethani inayonyumbulika, mathalani Sikaflex. Ila haitaki haraka: usafi, dawa yake ya msingi, kisha gundi yenyewe, kila moja kwa muda wake.

2. Dawa ya ukuta wa moto

Kati ya injini na magoti ya rubani kuna bamba moja jembamba, mara nyingi la chuma kisichoshika kutu. Bamba halina shida. Shida ni matundu tunayolitoboa wenyewe kupitisha waya, kebo na mabomba. Kwa ndege zenye cheti, kinga ya moto hupimwa kwa mwali wa nyuzi joto 1,093 za Selsiasi kwa dakika 15. Robo saa hiyo ndiyo muda wa kutafuta shamba tambarare na kutua. Silikoni nyekundu ya mafundi magari inastahimili joto la injini, lakini joto ni jambo moja, mwali jambo jingine. Nunua iliyotengenezwa kwa ajili ya moto, na pete za kupitishia waya ziwe za chuma. Za mpira zitayeyuka zikuachie tundu.

Halafu kuna kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu. Rubani anaumwa kichwa, anasinzia, anadhani amechoka na safari. Jaribio letu lilikuwa hivi: usiku, taa zote zimezimwa, mimi nimemulika tochi upande wa injini, rafiki yangu amekaa kitini anatazama miguuni. “Nyota!” akapiga kelele. Aliziona tatu. Panapopita mwanga, moshi utapita; tukaziba nyota zote tatu usiku ule ule.

1. Polisulfidi

Huyu ndiye mwenyewe. Wajenzi wa Marekani humwita ProSeal, jina la zamani la biashara. Miaka ya 1920, huko Kansas City, Joseph Patrick alikuwa akitafuta kitu cha kuzuia maji ya rejeta yasigande, akapata uji mzito wa salfa unaonuka vibaya, uliogoma kuyeyuka. Alikosa alichokitafuta, akapata mpira usioogopa petroli. Kampuni iliyotokana nao ikaitwa Thiokol, kutokana na maneno ya Kigiriki ya salfa na gundi.

Kwenye kopo tafuta maandishi AMS-S-8802. Herufi A ni ya kupaka kwa brashi, B ni ya mwiko, na namba inayofuata ni saa za kufanyia kazi: B-2 ni saa mbili, B-½ ni nusu saa. Mgeni achukue B-2. Saa hizo zimepimwa kwa nyuzi joto 25. Ukijenga Tanga mwezi wa Februari, zitakukimbia. Soma na tarehe ya mwisho, maana kopo lililozeeka haligeuki mvinyo.

Uwiano wa sehemu zake mbili ni 10 kwa 1 kwa uzito, na jicho si mizani. Sisi tulitumia mizani ya jikoni na vijiti vya aiskrimu: gramu 50 za nyeupe, gramu 5 za nyeusi, unakoroga hadi mistari iishe na kijivu kiwe kimoja. Kabla ya hapo alumini isuguliwe mpaka mng'aro uishe, isafishwe, isiguswe tena kwa kidole kitupu. Paka kati ya mabati ya tangi, chovya kila riveti, kisha pitisha mstari mwingine kwenye kona kwa ndani. Na badilisha glavu kila mara, kwa sababu kitu hiki kinapenda watu: kinashika nywele, simu, mpini wa mlango. Mke wa rafiki yangu alimpangia shati moja na mlango wa nyuma.

Kisha subiri. Siku tatu kwa uchache, zaidi kama kuna baridi. Tukafunga matundu ya tangi, tukavisha puto kwenye bomba la kupumulia, tukajaza hewa kidogo tu mpaka puto likasimama. Asubuhi lilikuwa limenywea. Usiku ulikuwa wa baridi, na baridi peke yake hulinywesha puto, kwa hiyo tulingoja jua liingie karakanani. Halikuinuka. Rafiki yangu akapaka povu la sabuni riveti baada ya riveti, amepiga magoti, hasemi kitu, hadi kwenye kona ya nyuma ambako kipovu kimoja kilikuwa kikikua taratibu, ukubwa wa punje ya mtama.

Akaliwekea tundu alama kwa kalamu. Nikavuta mizani: gramu 20 kwa 2.