Jinsi ya Kumkata Paka Kucha na Kubaki na Sofa

Wewe mkazi wa Kampala uliyekwenda Nsambya, ukavutana bei na fundi kandokando ya barabara mpaka jua likazama, ukalipakia sofa kwenye pikapu hadi nyumbani: pole sana. Watoto umewapiga marufuku kulikalia. Wewe mwenyewe unatazama habari ukiwa kwenye kiti cha plastiki, maana sofa ni la wageni. Paka hakungoja mgeni.

Usimlaani, hana kisasi nawe. Kukwaruza humsaidia kuvua ganda kuukuu la ukucha, kujinyoosha mgongo na mabega, na kuacha harufu inayotoka kwenye nyayo zake ili kila apitaye ajue mahali hapo pana mwenyewe. Buganda wanaijua kesi ya namna hii: wewe una hati ya ardhi, yeye ana kibanja, yaani haki ya kukaa. Kumfukuza haiwezekani, kwa hiyo mkate kucha.

Hatua ya kwanza: chagua saa. Ngoja ashibe mukene (dagaa), asinzie. Fanya kazi mchana karibu na dirisha, kwani umeme una tabia ya kuondoka palepale unapohitajika. Kama paka bado mtoto, una bahati: mshikeshike nyayo kila siku hata kama hukati kitu. Samaki mkunje angali mbichi.

Hatua ya pili: andaa zana. Kikata kucha kikali, taulo nene, na unga wa ngano kidogo kwenye kisosi. Mkasi wa jikoni uache jikoni, na koleo la fundi umeme mrudishie mwenyewe. Mviringishe paka kwenye taulo, ubakize mguu mmoja nje. Atakutazama kama mtu aliyesalitiwa na ndugu. Vumilia.

Hatua ya tatu: kata. Bonyeza kidole polepole, ukucha utachomoza. Ndani yake utaona sehemu ya waridi. Hapo ndipo ilipo mishipa ya damu na ya fahamu. Ukiigusa, majirani watasikia. Kata ncha tu, milimita moja au mbili. Ukucha mweusi hauonyeshi kilichomo, basi kata kidogo zaidi. Paka wa kawaida ana kucha 18: tano kwa kila mguu wa mbele, nne kwa kila mguu wa nyuma. Adui wa sofa ni zile 10 za mbele. Ukifaulu kukata mbili kabla hajachomoka, ssebo, nnyabo, hongera. Mpe mukene, mwendelee kesho.

Damu ikitoka kwake, bandika unga, ubane kidogo mpaka ikome. Ikitoka kwako, osha kwa sabuni na maji. Na akikuuma, usijifanye shujaa: osha kidonda kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya, maana kichaa cha mbwa hakiishii kwa mbwa.

Hatua ya nne: mpe nguzo yake. Kukata kucha hakuondoi hamu ya kukwaruza. Kunapunguza hasara tu. Nunua kipande cha mbao Ndeeba, kizungushie kamba ya katani, kipigilie kwenye kitako kizito kisiyumbe. Kiwe kirefu kiasi cha paka kujinyoosha mwili mzima. Kisha kiweke palepale kando ya mkono wa sofa anaoushambulia. Ukikificha stoo kwa sababu hakipendezi, utakuwa umeipamba stoo, basi.

Hatua ya tano: mkatalie mshauri. Hakosekani jamaa wa kukuambia, "Mng'oe kucha zote, uishi kwa amani." Mwambie kwamba upasuaji huo hukata mfupa wa mwisho wa kila kidole, na kwamba jimbo la New York liliupiga marufuku mwaka 2019. Akisisitiza, mwombe aanze na vidole vyake. Ukishindwa kabisa kazi hii, mpeleke paka kwa daktari wa mifugo. Makerere inawafundisha, na mikono yao imezoea kukwaruzwa.

Kucha huota tena, kwa hiyo rudia kila baada ya wiki mbili au tatu. Sofa likichanika, Nsambya wako mafundi wa kulivalisha kitambaa kipya. Kidole cha paka kikishakatwa hakina fundi.