Zamu ya Ufagio

Chakula cha jioni katika makao ya wazee ninakojitolea huliwa saa kumi na moja na nusu, na kiangazi jua linakuwa bado kali. Tena huliwa kikiwa baridi. Si kwamba kimepoa. Hakijawahi kuonja moto. Mkate, jibini, vipande vya soseji, matango ya siki, basi. Siku za mwanzo nilikuwa nadonoa tu, najibakizia nafasi, nikiamini hicho ni kionjo na chakula chenyewe kinachofuka moshi kiko njiani. Kilichokuja ni wahudumu na vitambaa vya kufutia meza. Nikarudi ninakoishi, nikabandika wali, kitunguu kikanukia jengo zima, na kesho yake nikaulizwa kwa upole kabisa kama kulikuwa na mgonjwa usiku, hadi mtu akalazimika kupika.

Kijiji chenyewe kiko kusini mwa Ujerumani, kwenye vilima vya Schwäbische Alb. Mimi mtu wa Lushoto, baridi na miteremko havikunitisha. Kilichonistua ni kuona nimegeuka mzungu. Kwetu tumewazoea vijana wa Kijerumani wa kujitolea. Tangu serikali yao ianzishe mpango wa weltwärts mwaka 2008, wanatujia wakiwa wamemaliza sekondari juzi, mabegi yamewazidi kimo, na watu wanaacha majembe kuwatazama wakijifunza kubeba ndoo kichwani. Mwaka 2013 mpango ukafunguliwa upande wa pili, na vijana wa kwetu nao wakaanza kwenda kule. Hakuna aliyeniambia kwamba huko nako kuna ndoo.

Ndoo yangu mimi ni takataka. Kwetu taka ni taka: shimo, kiberiti, habari imekwisha. Huku kopo moja la yogati lina safari tatu. Kile kikaratasi kilichozungushiwa kopo kinavuliwa na kwenda pipa la karatasi. Kopo na kifuniko chake vinaachanishwa, halafu, usiniulize kwa nini, vinakutana tena ndani ya mfuko mmoja wa njano. Yogati iliyobaki, kama wewe ni mharibifu kiasi cha kubakiza, inakwenda pipa la mabaki. Chupa za glasi unazipeleka mwisho wa kijiji, nyeupe kwake, kijani kwake, kahawia kwake, na ole wako uzitupe Jumapili, maana zikivunjika zinapiga kelele na Jumapili ni siku ya kimya. Kila pipa lina tarehe zake kwenye kalenda maalumu, na kalenda hiyo hutundikwa ukutani mahali ambapo kwetu ingekaa picha ya harusi.

Msimamizi wa mambo haya ni bibi wa ghorofa ya chini. Hagombi hata kidogo. Asubuhi nikishuka nakuta vitu vyangu vimepangwa mstari kwenye ngazi: betri, ganda la ndizi, kikaratasi cha mfuko wa chai. Ndiyo, kikaratasi! Mfuko wa chai wenyewe nilikuwa nimeutupa panapostahili. Yeye akautoa, akakata uzi kwa mkasi, akaniwekea kile kipande chenye jina la chai nikitafakari.

Kwenye chupa za plastiki nilijiona mwenyeji. Nani kwetu asiyejua kurudisha chupa ya soda dukani? Huku nyingi zina dhamana ya senti 25 za yuro, na dukani kuna mashine ya kuzipokea. Nikakusanya za wafanyakazi wote, na kwa vile mfuko ulikuwa mdogo, nikazikanyaga moja moja zikae vizuri. Kumbe mashine inasoma alama ya ubavuni, na chupa iliyobondeka haiitambui. Ikaitema ya kwanza. Ikaitema ya pili. Foleni nyuma yangu ikanyamaza ule unyamavu wa Kijerumani ambao una sauti. Ndipo babu mmoja mwenye kofia akasogea, akaokota chupa, akaiweka mdomoni na kuipuliza mpaka ikatuna, akaipachika, mashine ikaimeza bila neno. Tukaanza kupuliza wote wawili. Hatukuambiana majina. Hadi leo tukipishana njiani, yeye hanipungii mkono, ananijazia mashavu.

Basi la kijiji nalipitia haraka kama lenyewe linavyonipita. Ratiba inasema saa moja na dakika saba. Dakika hiyo ikiisha, dreva anakuona unavyokimbia, anakusikitikia kwa dhati ya moyo, anaondoka.

Halafu kikaja kibao. Nilikikuta kimening'inia kwenye kitasa cha mlango wangu, kibao cha mbao kilichoandikwa Kehrwoche kwa herufi za kurembwa. Nikakiingiza ndani, nikakitundika juu ya kitanda, nikampigia mama kumweleza kwamba majirani wamenipa zawadi. Kumbe ni zamu ya ufagio! Kwa hawa Waswabia, kibao kikiwa mlangoni kwako, wiki hiyo ngazi na njia ya mbele ni zako. Ukimaliza unakihamishia kwa jirani, na jirani anakingoja.

Nilipoeleweshwa nilifarijika. Kufagia? Mimi niliyelelewa na mama wa Kisambaa, ambaye kwake uwanja usiofagiliwa kabla ya jua ni uwanja wa mgonjwa? Jumamosi saa kumi na moja alfajiri nikatoka na ufagio, brashi na ndoo ya bati. Nilianzia juu kama nilivyofunzwa. Ndoo nayo ikaanzia juu: ikaniponyoka, ikateremka ngazi moja baada ya nyingine bila kuruka hata moja, ikafika chini, ikazunguka kidogo, ikatulia. Hapo ndipo nilipojua kwamba kimya cha usiku huku kina saa zake rasmi, na kinaishia saa kumi na mbili. Milango ikafunguka. Bibi akatoka na gauni la kulalia, akaitazama ndoo, akanitazama mimi, akapitisha kidole kwenye kona ya ngazi, akakikagua kidole, akarudi ndani. Saa tatu akaniletea keki ya matufaha.

Sahani ya mtu hairudi tupu. Jumapili nikakaanga maandazi, nikaijaza, nikashuka kupiga hodi. Akafungua mlango nusu, akaniuliza nani amekufa. Huku hamwendeani hivi hivi, mnawekeana miadi. Akaniacha kizingitini, akaenda kwenye kalenda, akakuta kati ya saa tisa na saa kumi hana shughuli, akaandika jina langu kwa penseli, ndipo akarudi kunikaribisha. Maandazi yalikwisha saa tisa na nusu. Saa kumi kamili akasimama.

Kazini ndiko ninakopumzika. Wazee wana muda wa kusalimiana, tena wanacheza ludo. Ya kwao ina jina refu la Kijerumani, lakini ugomvi ni uleule. Mpinzani wangu ana miaka 91. Chakula cha mchana akishakila amekisahau, ila kete zangu zote anajua zilipo, na akielekea kushindwa, dadu hupotelea chini ya mto wa kiti chake, na hakuna mhudumu mwenye ujasiri wa kumwinua.

Niliwafundisha shikamoo, kwa sababu kumwambia mtu wa umri huo "halo" kulikuwa kunaniunguza ulimi. Wakaipenda kupita kiasi. Tabu ni kwamba hawangoji. Nikifungua mlango wa ukumbi asubuhi, wote wananivamia kwa pamoja: "Shikamoo!" Sasa mtoto wa watu nifanyeje? Nikiitikia marahaba, babu zangu watageukia ukutani huko kaburini. Nisipoitikia, nimewadharau. Basi nainama, naitikia kwa sauti ya chini wasisikie wa kwetu, kisha naanza upya, mmoja mmoja, shikamoo bibi, shikamoo babu, huku chai inapoa. Mkuu wa zamu hakunikataza. Amezitengea salamu hizi dakika zake kwenye ratiba ya asubuhi, kati ya vidonge na mazoezi ya viungo.

Chumbani mwangu Lushoto sasa analala kijana wa Kijerumani. Mama amempenda, anasema anakula vizuri, lakini juzi alinipigia akiwa na neno.

"Mwanangu, mgeni wetu ameweka ndoo nne jikoni. Maganda, karatasi, plastiki, na nyingine sijui ya nini. Amechora na kalenda."

Nikamwuliza zikijaa zinapelekwa wapi.

"Hazijai. Mbuzi anaanza na ya maganda, akimaliza anahamia ya karatasi. Jana kaila kalenda. Kijana anahuzunika, mimi namwonea huruma. Hebu niulizie hapo kwa hao wazee wako: mbuzi wao huwa wanawafungia wapi?"