Nanunua Hewa ya Ghorofa ya Nne

Kiwanja changu cha Chanika kilikuwa na wenyewe watatu, na mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kujua. Nikipeleka tofali, nakuta mwenzangu keshamwaga mchanga. Siku tuliyokutanishwa kwa mwenyekiti wa mtaa, kila mmoja alichomoa karatasi yake, na zote tatu zilikuwa na muhuri uleule. Nikaapa: viwanja basi, nanunua fleti. Fleti haina mpaka wa kusogezwa usiku. Haina mnazi wa marehemu babu yake mtu. Na ghorofa ya nne hakuna ng'ombe atakayepanda kuja kula mahindi yangu.

Dalali akanipeleka Upanga, kwenye jengo la ghorofa sita ambalo lifti yake imegeuzwa stoo ya ndoo na mafagio. Tulipanda kwa miguu, mimi nikihema, yeye akisifia upepo. Mlangoni akanipa funguo nijaribu kitasa mwenyewe. "Kaka, ukishalipa hapa, ni pako milele."

Hilo neno milele nikaenda nalo kwa wakili. Ni mama mpole, miwani kwenye ncha ya pua, na kila akicheka nahisi kicheko kinaingizwa kwenye ankara. Alicheka. "Baba, nchi hii hakuna milele." Akanikumbusha niliyoyasoma shule nikayasahau: ardhi yote ya Tanzania Bara ni ya umma, Rais ndiye mdhamini wake, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatupa sisi wengine haki ya kuitumia tu, kwa muda. Hati utazikuta za miaka 33, 66 au 99, na zaidi ya 99 hupewi. Fleti nayo ina sheria yake ya mwaka 2008, inayoruhusu kila sehemu ya jengo iwe na hati yake. Ila hati hiyo ni mtoto wa hati mama ya kiwanja, na mtoto huyu hawezi kuishi siku moja zaidi ya mama yake.

"Na mama ana umri gani?" nikauliza.

Akafungua faili. Miaka 33, kuanzia 1998. Nikahesabu kwa vidole, vikaniishia, nikaomba kalamu. 2031. Mwanangu yuko kidato cha pili. Hati itakwisha yeye hajamaliza chuo! Wakili akanituliza kwamba muda unaweza kuongezwa, tutaomba. Tutaomba! Mtu nauza gari, navunja akiba ya miaka kumi na miwili, nakopa kwa shemeji ambaye hata salamu yake ina riba, halafu nikishanunua nyumba ndipo nianze kuiomba.

Basi nikataka kujua kitu kimoja tu: ninachonunua ni nini hasa? Ukuta wa nje ni wa wamiliki wote. Ngazi ni za wote. Paa, tangi, ile lifti yenye mafagio, vya wote. Changu ni nafasi iliyobaki katikati ya sakafu, dari na kuta.

"Yaani nanunua hewa."

"Hewa yenye hati," akanisahihisha.

Na hewa yenyewe ina unyevu. Kwenye dari la sebuleni kuna doa la kahawia ambalo siku ya kwanza lilikuwa sawa na sahani. Siku ya tatu lilishachukua umbo la kisiwa cha Pemba, na visiwa vidogo pembeni. Nikauliza nani atarekebisha. Maelezo yalikuwa marefu, lakini nilivyoelewa mimi ni hivi: zege ni la wote, bomba lililopasuka ndani ya zege ni la jirani wa juu, maji ni ya mamlaka, na doa ni la kwangu.

Muuzaji naye ana mambo yake. Bei aliyonitajia anaiita "ya mkononi". Maana yake kodi yoyote itakayojitokeza ni shida yangu. Wakili akamwambia faida ya kuuza nyumba ni yake, na kodi ya faida hiyo, asilimia 10 kwa mkazi wa nchi hii, ni yake pia. Mimi nina ushuru wangu wa stempu, asilimia 1, unanitosha. Mzee akawaza kidogo, kisha akanivuta pembeni kama anayetaka kuniuzia saa ya wizi. Tuandike bei ndogo kwenye karatasi, tofauti nimpe taslimu. Na kama naona vipi, tuandikishane kwa mwenyekiti wa mtaa yaishe. Kwa mwenyekiti! Nilitaka kumwonyesha picha za Chanika. Isitoshe, serikali haiulizi mmeandika nini. Uthamini unafanyika, mthamini anapita na kompyuta yake, anaangalia Upanga ni Upanga, na bei ya karatasini inakufa palepale.

Kwa hiyo tukafuata njia ndefu. Upekuzi kwanza, tujue kama hati haina rehani ya benki wala zuio la mahakama. Risiti za kodi ya pango la ardhi. Fomu namba 29 ya kutoa taarifa kwamba mtu anauza, namba 30 ya kuomba kibali, namba 35 ya kuhamisha. Niliuliza kuhusu namba 31 mpaka 34, wakili akanitazama juu ya miwani nikanyamaza.

Pakabaki ridhaa ya mke. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mtu kuuza nyumba ya familia bila mwenzi wake kukubali. Muuzaji akapunga mkono: "Mke wangu hana neno." Wakili akasema hilo neno ambalo hana, analitaka kwa maandishi, na kiapo. Mke akaletwa, akasaini vizuri, nikaanza kupumua. Wakili akauliza tu kwa kupitisha muda, "Na ile fleti kwa sasa anakaa nani?"

Mzee akaanza kukohoa.

Anakaa mke mdogo. Yule dada ambaye mara zote tatu nilizokwenda amenikaribisha kwa juisi ya ukwaju, akanivutia kiti chini ya kisiwa cha Pemba, akanionyesha kwa mpini wa fagio panapovuja. Nilidhani ni ukarimu wa Upanga. Kumbe aliambiwa mimi ni fundi bomba! Na tayari alikuwa ananilaumu kwa majirani kwamba nakuja, nakunywa, natazama dari, naondoka.

Mambo yakasimama hapo kwa wiki tano. Wazee wa pande mbili wanakaa, mimi nakaa kwenye kodi yangu Tabata, mama watoto ananiuliza kila jioni kama hewa imefika. Katikati ya kusubiri wakili akagundua jingine: fleti ina deni la michango ya jengo. Mlinzi, taka, umeme wa ngazini, pampu. Miezi 27. Akaniambia hilo lilipwe kabla ya kuhamisha jina, la sivyo umoja wa wamiliki utakuja kunidai mimi mwenye fleti mpya.

Nikaenda kwenye kikao chao Jumapili, niwaombe tu barua ya kuonyesha deni. Nilikaa nyuma kabisa, karibu na ndoo. Mwenyekiti akasema kuna mjumbe mpya, nisimame anione kila mtu. Nikajieleza kwamba bado sijanunua, naulizia. Mzee mmoja akasema huyu anaonekana mtu wa kufuatilia karatasi, mikono ikanyooshwa, na kabla sijapata pa kushika nikakabidhiwa daftari la kaunta kwaya tatu na kitabu cha risiti.

Sina fleti. Sina hati, wala ridhaa ya mke mdogo. Ila mimi ndiye mweka hazina, na kesho saa mbili asubuhi natakiwa nipande ghorofa ya nne kumdai yule dada miezi 27. Nimemwomba Mungu awe ametengeneza juisi.