Masaibu ya Kompyuta ya Mtumba

Ubahili ni maradhi ambayo mgonjwa wake huyaita hekima, na mimi, niliyekuwa mahututi, nilijiona Lukmani wa zama zangu siku nilipotoka Kariakoo nimekumbatia Dell OptiPlex 7010 ya mtumba, yenye kasha jembamba la kiofisi, nikiwa nimeilipia shilingi 250,000 na kumwacha muuzaji akinung'unika kana kwamba nimemdhulumu. Azma yangu ilikuwa kucheza michezo ya kompyuta pasipo kununua dau kwa bei ya jahazi.

Nilipata habari kwamba kadi ya grafiki iitwayo GTX 750 Ti, iliyotoka mwaka 2014, hutosheka na wati 60 zinazopita katika ubao mama wenyewe, wala haidai waya wa ziada. Sifa iliyonivutia kama mchumba asiyetaka mahari makubwa. Nikaipima urefu, nikaipima unene, nikaridhika. Kimo sikukipima. Kadi iliingia mahali pake barabara, ila kasha likakataa kufungwa, kwani makasha ya namna ile hutaka kadi za kimo cha nusu. Na tangu siku ile mashine hukaa uchi mezani, paka amelala ubavuni akiota joto lake.

Leseni ya Windows niliiona israfu, nikatia Ubuntu, aina ya Linux isiyouzwa hata kwa senti moja, ambayo jina lake, lililotoka kwa jamaa zetu wa Afrika Kusini, ni ndugu wa damu wa neno letu utu. Basi nilitazamia muamala wa kiutu. Nilipotakiwa neno la siri katika lile dirisha jeusi la amri, niliandika, nikatazama: hapana herufi, hapana nyota, hapana hata nukta. Nikabonyeza kwa nguvu, kimya. Nikahukumu kuwa kibodi imekufa, nikapanda daladala kwenda kununua nyingine, nayo ikafa papo hapo kwa maradhi yale yale. Kijana aliyeniuzia ya tatu ndiye aliyenifahamisha, kwa adabu iliyoniumiza kuliko kicheko: "Mzee wangu, linafichwa makusudi, mtu asihesabu hata idadi ya herufi. Wewe andika tu, kisha bonyeza Enter." Hayo aliyasema baada ya kupokea fedha.

Msiba mkubwa ulikuwa wa dini. Michezo mingi hunena lugha ya Windows, na Linux huielewa kwa ukalimani wa Wine, programu iliyoanzwa mwaka 1993, ambayo juu yake kampuni ya Valve ilijenga Proton mwaka 2018. Nami, nikiwa sebuleni, nikamwambia fundi kwa simu, "Bila Wine hakufunguki kitu! Jana nimetia mpya, usiku kucha raha mustarehe!" Mama mkwe, ambaye Kiingereza chake ni haba lakini neno lile la mvinyo alilijua, aliacha kuvuta tasbihi.

"Mwanangu nimemwozesha nani?" akauliza, akalitafuta buibui lake.

Iliadhiniwa magharibi ningali namwonyesha kioo, nikiapa kwamba hakina chupa ndani.

Kibodi mbili ninazo, nzima kabisa. Mwenye haja na aje, ila bei ni ile ile niliyonunulia.