Riali ya Mama Mkwe

Kama umeoa utanielewa bila maelezo marefu. Kama hujaoa soma hivyo hivyo, zamu yako iko njiani.

Mimi nakusanya sarafu za kale. Wenzangu hapa Korogwe wanakusanya viwanja, pikipiki, na wengine bila haya wanakusanya wake. Mimi sarafu tu, na zote zinaenea kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati. Ungedhani mtu mwenye starehe ndogo namna hii angeachwa apumue. Thubutu! Nyumba yetu ya Manundu inaongozwa na Mama Nuru, ambaye mimi na watoto tunamwita Forodha, kwani hakuna mfuko wa suruali uliowahi kupita kwake bila kupekuliwa. Msaidizi wake ni dada yangu mkubwa, Shangazi Sabuni, aliyekuja kututembelea Ramadhani moja ya zamani na bado anatutembelea. Kisha yupo kitinda mimba wetu, Kibubu. Jina hilo amelifanyia kazi.

Kibubu alimeza nusu heller ya 1904. Hiyo ni ile fedha ya serikali ya Mjerumani, iliyogawa rupia moja kuwa heller 100. Kabla ya hapo, enzi za kampuni yao, rupia ilikuwa pesa 64, hesabu ambayo hata Forodha ingemtoa jasho. Tukakimbia hospitali, daktari akacheka, akasema tusubiri, itatoka yenyewe. Zamu ya kukagua poti nikapewa mimi.

"Mali si yako?" aliuliza Forodha.

Ilitoka salama. Kibubu akalia arudishiwe.

Mali yenyewe ni urithi. Babu mzaa babu alikuwa kibarua wa reli ya Tanga, ile iliyoanza kujengwa 1893 ikafika Korogwe 1902. Alilipwa rupia, na kodi ya nyumba aliyoileta Mjerumani 1897 akailipa kwa rupia hizo hizo, yaani fedha ilitoka mkono mmoja wa Mjerumani ikarudi kwenye mkono wake wa pili. Moja tu ilimponyoka mtoza kodi, rupia ya fedha ya 1890, na ndiyo fahari ya kopo langu: upande mmoja simba, upande mwingine Kaizari Wilhelm wa Pili na kofia yake ya chuma yenye tai juu, na masharubu ya kutisha watoto.

Nasema masharubu kwa mazoea.

Tuko kundi dogo la wagonjwa wa maradhi haya. Jumapili moja ikawa zamu yangu kukaribisha, na masharti yalikuwa kila mtu alete sarafu yake kongwe kuliko zote, mshindi aondoke na jogoo wa mwenyeji. Shangazi Sabuni aliposikia wageni wanakuja kutazama vitu vya kwenye kopo, aliona aibu kwa niaba ya ukoo wetu. Usiku akavitoa vyote, akavisugua kwa majivu, limau na steelwaya ya masufuria. Msomaji, sarafu ya kale haisafishwi. Ule weusi ndio umri wake, na mnunuzi akiona mikwaruzo anakuaga. Asubuhi nilikuta rupia inameta na Kaizari amenyolewa.

"Sasa anaonekana kijana," dada akaniambia, akisubiri ahsante. Nikaitoa.

Siku hiyo hiyo, bila taarifa, mama mkwe naye akateremka kutoka Handeni, kilomita 65 za lami, na gunia la mahindi. Sisi tunamwita Gavana, kwa kuwa hakuna jambo la ukoo linalopita bila sahihi yake. Alisindikizwa na shemeji yangu, Dalali, kijana anayeamini kwamba rupia ya Mjerumani ina nguvu za kuvuta mchele na kuzima tochi, na kwamba kuna tajiri mahali anaitafuta kwa mamilioni. Akamwaga mchele mezani, akaisogeza rupia yangu. Mchele ukatulia. Akamtazama Shangazi Sabuni kwa uchungu: "Shangazi, umeziosha nguvu zote!"

Mashindano yakaanza. Fundi saa alileta shilingi ya simba ya 1921. Mwalimu mstaafu alileta pesa ya shaba ya 1890, rika moja na rupia yangu, ila yake haijaogeshwa. Mzee Stesheni akatoa sarafu ya Sayyid Barghash wa Unguja yenye picha ya mizani, mwaka 1299 wa Hijria, ambao ni 1882. Akaanza kumtazama jogoo wangu kwa macho ya mmiliki.

Hapo Gavana akakohoa kutoka kwenye mkeka wake uani. Akavuta mkufu shingoni, ukatoka na dude la fedha pana, limechomelewa kikonyo. Mama mnono wa Kizungu amejitanda shungi, nyuma yake tai wa vichwa viwili, na mwaka: 1780. Riali ya Maria Theresa! Bibi yake aliachiwa na watu wa misafara ya Pangani.

Kimya. Mzee Stesheni akaniinamia: "Huyo mama alikufa mwaka huo huo. Waliendelea kuzipiga kwa tarehe ile ile kwa sababu Waarabu na Wahabeshi hawakutaka nyingine. Miaka ya thelathini zilipigwa hadi Roma na London! Hiyo yaweza kuwa ndogo kuliko mwenye..."

Nikamjaza chapati mdomoni. Alisema kweli tupu, lakini wewe ungemwambia mama mkwe kwamba kidani cha bibi yake kimedanganya umri? Mwalimu, kutuliza hali, alianza kusimulia sarafu za masultani wa Kilwa zilizookotwa Australia mwaka 1944, lakini Forodha alishamfunga jogoo miguu. Kwa hesabu zake, mali ikienda Handeni haijatoka nyumbani.

Usiku nilimnong'oneza habari za Roma na London, siri ya mume na mke. Asubuhi Gavana alikuwa anazijua zote.

"Mkwe wangu," akasema akinywa chai, "nasikia huyu mama aliendelea kutoa watoto hata baada ya kufa."

"Ndiyo, mama."

"Na yule wa kofia?"

"Alipinduliwa, mama. Mwaka 1918."

"Umeona." Akaliangalia tenga. "Sasa jogoo huyu atakwenda Handeni peke yake, bila mke?"

Nikatoka nje kumkimbiza tetea.